Meza ya Wasiojuana

Katika meli za kitalii zinazofuata desturi ya zamani, abiria hupewa namba ya meza kabla hajajua atakula na nani. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi ileile inayofungua mlango wa chumba chake, pamoja na zamu ya chakula: ya kwanza, ambayo kwa kawaida huanza mnamo saa kumi na mbili jioni, au ya pili, saa mbili na nusu usiku. Jioni ya kwanza hushuka ukumbini, huitafuta meza yake, na hukuta watu watano au saba ambao hajapata kuwaona. Watakula pamoja kila usiku hadi safari iishe, na kwa kawaida kila mmoja hurudi kwenye kiti alichokikalia mara ya kwanza ingawa hakuna aliyemwamuru. Hapa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wazima waliolipa fedha zao hupangiwa wa kula nao na wakaridhia. Mgeni wa hoteli akifanyiwa hivyo atamwita meneja.

Desturi hii ilizaliwa na uhaba wa nafasi. Meli za tanga zilizovuka Atlantiki mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa na chumba kimoja cha kulia kwa abiria wenye uwezo, na nahodha mwenyewe alikaa nao mezani. Wahamiaji maskini waliojazwa tumboni mwa meli walijipikia kwa zamu kwenye meko ya sitahani, hali ya hewa ikiruhusu. Meli za mvuke hazikubadili hayo mara moja. Britannia, ambayo mwaka 1840 ilianza safari za kampuni ya Cunard kati ya Liverpool na Boston, ilichukua abiria 115, na ukumbi wake ulikuwa chumba kirefu chembamba chenye meza ndefu. Charles Dickens, aliyepanda meli hiyo Januari 1842, alikiona chumba hicho kama gari la kubebea maiti lililotiwa madirisha. Alipoinua macho akaona glasi na chupa za viungo zimepachikwa kwenye rafu darini, akaelewa bahari itakuwaje.

Meza ndefu ilikuwa na sheria zake. Viti vilifungwa sakafuni, vikawa vinazunguka palepale vilipo ili mtu aingie na kutoka, na mezani ziliwekwa kingo za mbao za kuzuia sahani wakati wa mawimbi. Abiria hakuweza kusogea hata inchi moja kumkimbia jirani anayemchosha. Wote walipakuliwa kwa wakati mmoja, na aliyekaa katikati hakuwa na njia ya kutoka bila kuonekana na ukumbi mzima, jambo zito kwa mtu aliyeanza kuchafukwa na moyo. Mwaka 1912, ndani ya Titanic, daraja la pili bado lilikula hivyo, kwenye meza ndefu na viti vya kuzunguka vilivyokazwa sakafuni.

Badiliko lilianzia juu. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika, mali ya kampuni ya Hamburg, ilifungua mkahawa wenye jina la Ritz-Carlton, ambako abiria wa daraja la kwanza aliweza kulipa ziada akala saa aitakayo pamoja na awatakao. Miaka sita baadaye Olympic, ya Waingereza, iliweka meza ndogondogo katika ukumbi wa daraja la kwanza. Mtu aliyeiongoza kampuni ya Hamburg, Albert Ballin, ndiye pia aliyeipeleka Augusta Victoria katika bahari ya Mediterania Januari 1891, safari inayohesabiwa mara nyingi kuwa mwanzo wa utalii wa meli tunaoujua leo. Meli iliondoka na kurudi, na abiria wake hawakuwa na wanakokwenda. Hapo meza ilipewa kazi mpya. Anayehamia New York hula ili afike akiwa hai; mtalii hula ili jioni ipite vizuri, na jioni za baharini ni ndefu.

Miaka hiyohiyo mwanafalsafa wa Berlin, Georg Simmel, aliandika insha fupi kuhusu mlo, iliyotoka mwaka 1910. Hoja yake ni kwamba kula ni jambo la ubinafsi kuliko yote, kwa kuwa tonge alilolimeza mmoja haliwezi kuliwa na mwingine. Lakini kwa vile kila mtu lazima ale, jambo hilohilo ndilo linaloweza kuwakutanisha watu wasio na lolote lingine la kuwaunganisha. Kinachougeuza ubinafsi kuwa ushirika ni utaratibu: saa maalumu, mpango wa kupakua, namna ya kushika kisu na uma. Aliipa uzito sahani, kwamba humwekea kila mlaji mpaka wake, tofauti na bakuli la pamoja la zamani. Msomaji aliyekulia kwenye sinia atasita hapo. Sinia la pilau lina mipaka pia, ila haionekani: mtu hula mbele yake, kwa mkono wa kulia, hachokonoi upande wa mwenzake, na nyama humngoja mkubwa aigawe. Simmel alikuwa sahihi kwamba meza haisimami bila mipaka. Alichokosea ni kudhani kuwa mpaka lazima ufinyangwe kwa udongo.

Mipaka ndiyo siri ya meza ya melini. Inaonekana kama bahati nzuri ya watu kukutana na kupatana. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla meli haijang'oa nanga, msimamizi mkuu wa ukumbi wa chakula huwa ameshakaa na orodha ya abiria na ramani ya meza. Ana lugha za watu, umri wao, ukubwa wa meza walioomba, vyakula wasivyokula, na kama wanasafiri na watoto. Watu wanaozungumza Kijerumani huwakusanya, wazee walioomba zamu ya kwanza huwaweka mbali na ngazi, na aliyekuja peke yake hutafutiwa meza ambayo hatakuwa wa tatu kati ya wanandoa wawili. Kazi hiyo haina fomula. Msimamizi hodari hujulikana kesho yake asubuhi, kwa uchache wa watu wanaompangia foleni kuomba wahamishwe.

Kuhusu idadi ya viti, wasafiri wazoefu wana maoni makali, na wana haki. Meza ya wanne huonekana ya staha lakini ndiyo yenye hatari kubwa: jozi mbili za wanandoa zikishindwana hakuna pa kukimbilia, na safari ya siku kumi huwa ndefu kwelikweli kwa watu wanaotazamana juu ya supu. Meza ya kumi hugawanyika yenyewe mara mbili, na aliyeketi kwenye mpasuko hubaki akigeuza shingo huku na huku asijue kicheko cha upande upi akifuate. Sita na nane ndizo namba zinazosifiwa. Mtu mmoja asiyevumilika humezwa na wengine, anayependa kunyamaza huruhusiwa kunyamaza, na mada ikifa upande mmoja huwa kuna nyingine inayoendelea upande wa pili. Umbo nalo lina neno. Meza ya duara haina kichwa wala mkia, na wanaokaa hapo hawawezi kuanza na suala la nani mkubwa.

Mazungumzo ya usiku wa kwanza hufanana katika meli zote: unatoka wapi, hii ni safari yako ya ngapi, chumba chako kiko sitaha gani. Swali la pili si la bure. Katika ukumbi wa meli, ambako vyeo vya nchi kavu vimeachwa bandarini, idadi ya safari ndiyo cheo, na kuna watu watakaoitaja hata wasipoulizwa. Mambo matatu huepukwa na walio na busara: siasa, dini, na nauli. La tatu ndilo lenye sumu zaidi, kwa sababu kampuni hupandisha na kushusha bei kadiri tarehe ya safari inavyokaribia, na vyumba viwili vilivyopakana huweza kuwa vimelipiwa kwa tofauti kubwa. Aliyelipa zaidi akijua hivyo mezani, chakula hubadilika ladha.

Usiku wa pili una habari za bandari ya mchana. Wa tatu una hadithi za watoto na wajukuu. Ndipo, mahali fulani kati ya usiku wa nne na wa sita, jambo geni hutokea: mtu anaeleza ugonjwa ambao hajawaambia ndugu zake, au ndoa ya kwanza, au sababu halisi ya kusafiri peke yake mwaka huu. Simmel aliligusa hilo pia, katika maandishi yake ya mwaka 1908 kuhusu mgeni, akisema mtu wa kupita hupokea siri ambazo wa karibu hufichwa. Mgeni hana wa kumsimulia anayemjua msimuliaji. Mezani melini kinga hiyo ni maradufu, kwa kuwa tarehe ya kuagana inajulikana na wote tangu mwanzo. Watu hufunguka kwa sababu mlango wa kutokea umekwisha kuonekana. Anwani hubadilishanwa usiku wa mwisho kwa moyo mkunjufu, na nyingi hazitumiki kamwe. Baadhi ya waandishi huona unafiki hapo. Hakuna unafiki: urafiki uliokuwa na umri wa siku kumi umetimiza siku kumi.

Mwandishi wa Marekani David Foster Wallace, aliyesafiri Karibiani mwaka 1995 kwa niaba ya jarida la Harper's, ni shahidi mzuri kwa kuwa hakuwa na nia ya kuipamba meli. Makala yake iliyotoka mwaka uliofuata ilichambua kwa ukali karibu kila kitu, kuanzia taulo hadi tabasamu za wahudumu. Alipofika kwa wenzake wa Meza ya 64 ukali ulimlegea. Aliwasifu wote isipokuwa mmoja, akawaeleza kwa ufupi, kisha akaamua kutowataja sana asije akawaumiza. Mtu aliyekula nawe wiki nzima hana ulinzi mbele ya kalamu yako, na Wallace alijua hilo.

Hata hivyo, neno "wasiojuana" lisisomwe kwa upana kupita kiasi. Watu wa meza moja hawajuani kwa majina, lakini nauli imeshawachambua. Enzi za meli za abiria za Atlantiki, madaraja yalikuwa na kumbi zake, ngazi zake na sitaha zake, na tajiri angeweza kuvuka bahari siku sita bila kuona uso wa mhamiaji aliyelala chini yake. Meli za kitalii zilifuta madaraja kwa kiasi kikubwa, kisha zikaanza kuyarudisha kwa majina matamu zaidi. Katika Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, chumba alicholipia abiria ndicho kinachoamua atakula wapi: wa vyumba vikubwa kabisa hula Queens Grill, wanaofuata hula Princess Grill, na walio wengi huingia Britannia, ukumbi mkubwa wa zamu mbili. Katika kumbi hizo mbili za juu abiria ana meza yake, na huja saa apendayo. Kukalishwa na mgeni kwa saa maalumu ni sehemu ya bei ya chini.

Meza ya nahodha ni kilele cha uchambuzi huo. Nahodha wa zamani alikula na abiria kwa sababu hapakuwa na meza nyingine. Meli zilipokua, kiti cha karibu naye kikawa heshima inayotolewa kwa kadi inayopenyezwa chini ya mlango: kwa mteja wa miaka mingi, kwa mwenye jina, kwa anayesherehekea miaka hamsini ya ndoa. Siku hizi manahodha wengi huonekana ukumbini usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi, na jioni nyingine wana kazi.

Mtu anayeijua meza kuliko wote hakai. Mhudumu na msaidizi wake hupewa meza chache na kuzitunza safari nzima. Ifikapo usiku wa tatu anajua nani hunywa maji bila barafu, nani huagiza vitamu viwili, na yupi kati ya wanandoa asiulizwe habari za mvinyo. Yeye ndiye huokoa kimya cha mwanzo. Humjulisha huyu kwa yule, hutoa mzaha, hufanya mazingaombwe ya kijiti na leso. Wengi wa wahudumu hao wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, kwa mikataba ya miezi kadhaa isiyo na siku kamili ya mapumziko. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika siku saba. Maana yake, kisheria, wiki ya kazi huweza kufika saa 91. Kipato chao kwa muda mrefu kilitegemea bahasha za bakshishi za usiku wa mwisho, na meza isiyobadilika ndiyo iliyofanya bahasha ziwe nene, kwani ni vigumu kumpunja mtu uliyemwita kwa jina siku kumi. Baada ya ukumbi kufungwa, wahudumu hushuka kwenye mkahawa wa wafanyakazi, chini ya sitaha za abiria. Humo watu wa mataifa mengi hula wali ubavu kwa ubavu kwa miezi sita hadi tisa, bila msimamizi wa kuwapanga. Hiyo ndiyo meza kubwa zaidi ya wasiojuana melini, na vipeperushi vya matangazo haviitaji.

Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza kuuza uhuru: hakuna zamu, hakuna meza maalumu, hakuna koti la lazima. Abiria hula anapotaka, katika mkahawa autakao, na wenzake aliokuja nao. Washindani walifuata, baadhi wakiweka njia zote mbili. Wateja walipenda, na si ajabu: mtu aliyerudi kutoka bandarini amechoka, watoto wanalia, hataki kujipamba na kuulizwa anatoka wapi. Disney ilikuwa imeshapata jibu lake mwaka 1998 ndani ya Disney Magic, ambako familia huhama kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine kila jioni na wahudumu wao wakahama nao. Mpango huo unafichua kampuni iliona kipi ni cha thamani katika meza ya zamani. Sura waliyoona watoto wanaihitaji kila usiku ni ya mhudumu.

Kilichopotea katika uhuru huo hakikupigiwa kura na mtu. Abiria akiulizwa mlangoni kama yuko tayari kushiriki meza na wengine, anaweza kusema ndiyo, akala vizuri na watu sita, asiwaone tena katika meli ya abiria elfu tatu. Kila usiku basi ni usiku wa kwanza, na kila usiku maswali ni yaleyale matatu. Usiku wa nne, ule wa siri, haufiki. Yaelekea waliouondoa mpangilio wa zamani walidhani thamani ya meza iko katika kukutana, nayo ilikuwa katika kurudi.

Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama kwa sababu ya UVIKO-19 ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani, na chakula kikaletwa milangoni na wafanyakazi ambao wenyewe hawakuweza kujitenga. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Meli ziliporudi baharini mwaka uliofuata, kukaa na usiowajua kulikuwa jambo la kuogopwa, na kampuni nyingi zilikalisha kila kundi peke yake. Kuogopa maradhi ya mezani hakukuwa kugeni kwa meli hizo: virusi vya kuhara na kutapika vilikuwa vimeshazizoesha kusimamisha mhudumu mlangoni akiwa na chupa ya dawa ya mikono. Lakini hofu ya mwaka 2020 ilikuwa juu ya pumzi ya jirani, na pumzi ndiyo mazungumzo. Meza za pamoja zilirudi polepole, chache kuliko zamani.

Leo zinadumu zaidi mahali pa aina mbili. Pa kwanza ni miongoni mwa wanaosafiri peke yao, ambao kwa miaka mingi wamelipishwa karibu mara mbili kwa kitanda ambacho hakina wa kukilalia. Mwaka 2010 Norwegian Epic ilijengwa na vyumba vidogo vya mtu mmoja na sebule yao ya pamoja; Queen Mary 2 iliongezewa vyumba 15 vya namna hiyo mwaka 2016. Kampuni nyingi huwawekea meza yenye mwenyeji, mfanyakazi anayekaa na kula nao na kuhakikisha hakuna anayebaki na sahani yake tu. Wajane na wagane ni wengi hapo, na wenyeji wazoefu husema wazi kwamba ndiyo meza yenye kelele kuliko zote ukumbini.

Pa pili ni meli ndogo za kwenda nchi za barafu. Waendeshaji wa safari za Antaktika wamekubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na kwamba wasizidi 100 pwani kwa wakati mmoja, hivyo meli nyingi huko hubeba mia moja au mbili tu. Ukumbi ni mmoja na meza hazina namba. Wataalamu wa ndege, miamba na nyangumi hutawanyika wakati wa chakula, mmoja kila meza, wakijibu maswali huku wakijaribu kula. Hakuna aliyepangiwa kiti, lakini katika meli ya watu mia moja na ishirini hakuna namna ya kutorudi: kufikia usiku wa tano kila abiria ameshakula na wengi wa wenzake, na wa sita anaanza upya na wale wa kwanza.